Muulize Somo: Nataka kutetea kesi za uhamiaji, na amana ya chuo inadaiwa wiki tatu zijazo

Somo, assalaam alaykum.

Mie ni mtoto wa Wete, Pemba, lakini nimekulia Leicester tangu mwaka 2002. Nimeshapita miaka thelathini, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Digrii ninayo, ya elimu ya jamii, daraja la pili la juu. Niliimaliza mtoto mmoja mgongoni na mwengine tumboni.

Ninalotaka kukuuliza lilianza zamani. Mama yangu alikimbia baada ya yale mauaji ya Januari 2001. Baba alikuwa ameshachukuliwa, na askari walirudi nyumbani usiku kumtafuta ami. Alipofika hapa mama akaomba hifadhi, akahojiwa, akakataliwa, akakata rufaa. Siku ya rufaa hakukuwa na wa kuniachia, nikaenda nikakaa nyuma na ami. Nilikuwa na miaka tisa na Kiingereza cha skuli nimeshakinasa. Mama akaulizwa askari walikuja saa ngapi. Akajibu, "Saa mbili usiku." Mkalimani akaigeuza vilevile ilivyo, mbili, na kwa Kiingereza hiyo ni saa nane yetu, usiku wa manane. Kwenye maelezo yake ya maandishi ilikuwa imeandikwa sawa. Basi yule wa upande wa Wizara ya Mambo ya Ndani akasimama: mbona karatasi inasema hivi na wewe unasema vile? Mama haelewi anachobanwa nacho, akarudia, "Saa mbili, saa mbili." Kila akirudia, anazidi kuonekana muongo. Nikamvuta ami kanzu. Akaniambia, "Nyamaza, watatutoa nje."

Tukashindwa.

Ilipokuja kusikilizwa upya tulipata wakili mwengine, mwanamke wa Kiingereza. Kabla ya kuingia alikaa na mama kwenye benchi, karatasi mapajani, akamuuliza kupitia mkalimani: "Walipogonga mlango, mlikuwa mmeshasali Isha?" Mama akasema ndiyo kwanza ametoka kwenye msala. Mle ndani akaulizwa suali hilo hilo, na lile la saa likaisha. Tulishinda.

Tangu siku hiyo nataka kuwa yule mwanamke. Sasa chuo kimenikubali: mwaka mmoja wa kubadili fani niingie sheria, kisha kozi ya ubarista, yaani ya mawakili wanaosimama kortini. Ada zote mbili hazipungui pauni 25,000, na amana inatakiwa ndani ya wiki tatu. Akiba yangu ni 9,000. Ami yuko tayari kunikopesha 6,000. Mkopo wa serikali una riba na roho yangu haitaki. Mume wangu anasema pesa zitapotea, tena nitakuwa ninawatetea watu wanaojilipua, yaani wanaoomba hifadhi kwa majina ya uongo. Mama hataki hata kulisikia, anasema kwa nini nirudi kwenye majumba yale. Na mie ninavaa hijabu, sijui na yale mawigi itakuwaje.

Uzoefu ninao. Miaka minne sasa kila Jumamosi nakaa chumba cha nyuma cha msikiti, nawajazia watu fomu za viza na za uraia, nawaambia waombe nini na waambatanishe nini. Sichukui hata senti. Nimeona hilo litanisaidia kwenye maombi.

Nilipe, Somo?

Binti wa Wete

---

Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye kanzu ya ami. Lakini nitaanza na ambalo hukuliuliza, maana lina haraka kuliko amana ya chuo. Jumamosi hii usiende kujaza fomu.

Najua linauma. Watu watakuja na mifuko yao ya plastiki yenye makaratasi, watakuta mlango umefungwa. Ila Uingereza, tangu sheria ya uhamiaji na hifadhi ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa wakili au kusajiliwa ni kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka miwili. Sheria inamgusa pia anayetoa huduma hiyo bure. Kumsomea mzee fomu na kuandika anachokuambia ni jambo moja. Kumwambia aombe kwa njia ipi na aambatanishe kipi, kila wiki, mahali pale pale, watu wakiijua huduma yako, hapo umeshaingia kwenye ushauri. Wewe ulidhani hiyo ndiyo sifa yako kubwa, kumbe ndiyo inayoweza kukufungia mlango: ubarista unataka mtu mwenye rekodi safi, na fomu zitakuuliza. Umefanya kwa nia njema na sina shaka nayo. Kabla hujajaza fomu yoyote ya kujiunga, tafuta saa moja ya ushauri wa wakili juu ya miaka hiyo minne, umweleze kila kitu. Usifiche.

Tena hiyo hiyo Jumamosi inaweza kuwa ngazi yako. Mamlaka inayosajili washauri, ile iliyojulikana miaka mingi kama OISC na tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, ina madaraja matatu. La kwanza ni maombi ya kawaida. La pili linaingia kwenye kesi ngumu, zikiwemo za hifadhi. La tatu, na hili watu wetu wengi hawalijui, linamruhusu mshauri kusimama mwenyewe mbele ya jaji wa rufaa za uhamiaji, bila kuwa barista. Msikiti ukitaka kusajiliwa kama taasisi isiyotoza watu, usajili hauna ada. Au jiunge na shirika la hisani ambalo tayari limesajiliwa, ufanye mtihani wa daraja la kwanza chini yao.

Sasa ada. Usilipe.

Sikwambii usiwe barista. Nakwambia usilipe mwezi huu, kwa sababu umepewa bei ya barabara nzima na hujaonyeshwa daraja la kuvukia lilipo. Kwetu, Mombasa au Zanzibar, wakili ni mmoja: anakupokea ofisini, anaandika barua, anasimama kortini. Uingereza wameigawa kazi. Solisita anakaa na mteja na faili. Barista ndiye anayesimama. Na barista hutengenezwa kwa hatua tatu: elimu ya sheria, kozi ya ubarista, kisha uanagenzi wa mwaka mmoja katika chemba, yaani ofisi ya pamoja ya mabarista, miezi sita ukimfuata mkubwa wako kama kivuli, na sita ukibeba kesi zako mwenyewe chini ya uangalizi wake. Hatua mbili za mwanzo zinanunulika. Ya tatu hainunuliki. Nafasi za uanagenzi kwa mwaka ni 500 hadi 600 hivi kwa fani zote, uhamiaji ni kisehemu chake tu, na wanaomaliza kozi ni wengi kupita hizo mara kadhaa. Ukishamaliza kozi una miaka mitano ya kuupata uanagenzi, la sivyo unahesabiwa umechacha. Nimewaona vijana wenye deni la kozi ambao miaka hiyo iliwapita wakiwa kwenye tilli ya duka.

Mimi mwenyewe nilikuwa mkalimani kabla ya kuwa barista, na uanagenzi niliupata raundi ya tatu ya maombi. Raundi mbili za kwanza sikuitwa hata kwenye usaili mmoja. Kilichobadilika kati ya ya pili na ya tatu si vyeti. Nilikaa mwaka mzima katika ofisi ya solisita nikiandaa kesi za hifadhi, na nilipoulizwa nimefanya nini nilikuwa na la kusema.

Kwa hiyo mpangilio wako uwe hivi. Elimu ya sheria isome polepole, kwa muda nusu, mtandaoni, ukiendelea na zamu zako. Digrii yako inatosha kuingilia, umri si kitu. Kwenye uanagenzi wangu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa mkunga miaka kumi na mbili. Wakati huohuo tafuta kazi ya uandaaji kesi kwa solisita wa hifadhi au shirika lililosajiliwa, hata kama mshahara ni sawa na wa nyumba ya wazee. Nafasi za uanagenzi hutangazwa mwishoni mwa Novemba kwenye mtandao unaoitwa Pupillage Gateway, maombi hufunguliwa Januari, hufungwa wiki chache tu baadaye, majibu hutoka Mei. Waruhusiwa kuomba kabla hujalipia kozi ya ubarista. Fanya hivyo. Ukiitwa kwenye usaili, hata ukikosa, utajua umesimama wapi kwa gharama ya muda tu.

Na pesa. Barista yeyote wa Uingereza lazima awe mwanachama wa moja ya Inn nne za London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple, Gray's Inn. Ni vyama vya karne nyingi, vina kumbi zao na bustani zao, na siku ya kwanza utajihisi umeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Bisha. Kila mwaka Inn hizi zinagawa mamilioni ya pauni kwa wanafunzi, na ni ruzuku. Si mkopo, hazina riba, hazirudishwi. Mwanangu, wewe unayeogopa riba ndiye wa kwanza uliyepaswa kuambiwa hili, na barua yako inaonyesha hakuna aliyekwambia. Ya mwaka wa kubadili fani huombwa mpaka mwanzoni mwa Mei, ya kozi ya ubarista mpaka mwanzoni mwa Novemba, mwaka mmoja kabla. Unaomba kwa Inn moja tu, basi chagua ukishazitembelea.

Mkopo wa serikali usio na riba uliwekewa mlango katika sheria ya mwaka 2017, watu wakafurahi, na mpaka leo Waislamu wanaungoja. Kuhusu ule wenye riba sitakutolea fatwa, nenda kwa wenye elimu hiyo. Ila jua kitu kimoja kabla hujawauliza: mkopo wa shahada ya uzamili unatolewa mara moja tu. Ukiutumia kwenye mwaka wa kubadili fani, hautakuwepo kwenye kozi ya ubarista. Na ile 6,000 ya ami iache kwa ami. Inn wana chuo chao hapo London ambacho kinaikata kozi vipande viwili, cha kwanza unajisomea nyumbani, na hulipii cha pili mpaka umefaulu. Kwa mtu wa zamu za usiku mwenye watoto, hicho ningekiangalia kwanza.

Uanagenzi wenyewe unalipwa, kima cha chini kimewekwa, kinazidi pauni 20,000 kwa mwaka. Baada yake, usitarajie utajiri. Barista wa kesi hizi hujiajiri: akiugua halipwi, kesi ikiahirishwa saa nne asubuhi baada ya yeye kukesha na faili analipwa kidogo. Aprili 2013 serikali iliondoa msaada wa kisheria kwenye kesi nyingi za familia na maisha binafsi, ikabakiza za hifadhi na chache nyingine, kwa hiyo mama mwenye watoto wanne anayetaka kubaki nao mara nyingi anakuja na noti za kuchangishana. Mumeo ana haki ya kuyajua haya, mweleze kwa tarakimu, si kwa ndoto.

Lakini lile lake la pili, la watu wanaojilipua, nataka nilijibu vizuri maana nililisikia kwa kaka zangu pia. Wapo wanaosema uongo. Barista haruhusiwi kuidanganya mahakama. Mteja akikwambia jina si lake, hulipeleki mbele kama lake. Hilo halina mjadala. Kisha mwambie mumeo kesi ya ZH. Alikuwa mama wa Kitanzania, aliingia Uingereza mwaka 1995, akaomba hifadhi mara tatu, mara mbili kwa utambulisho usio wake. Akakataliwa zote. Katikati ya hapo akazaa watoto wawili na baba Mwingereza. Walipotaka kumrudisha, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2011 majaji, Lady Hale akiandika hukumu kuu, wakasema maslahi ya watoto wale yatazamwe kwanza, na watoto hawalaumiwi kwa makosa ya mama yao. Mpaka leo mawakili wanaitaja hukumu hiyo kwa ajili ya watoto wa mataifa yote. Ilitoka kwa mama ambaye mtaani tungemwita muongo tukapita.

Na kuna kesi ambazo Kiswahili chenyewe ndicho kilichoketi kizimbani. Mwaka 2010 baraza la juu la rufaa lilisikiliza kesi ya RB, mtu aliyesema ni Mbajuni wa Somalia, wale watu wa pwani wenye lahaja yao ya Kiswahili. Kampuni ya Sweden ikachunguza mazungumzo yake, ikasema Kiswahili chake ni cha Kenya. Fikiria mizani hiyo: namna mtu anavyotamka inaamua arudishwe wapi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine, ikawawekea wachunguzi wa namna hiyo mipaka: waseme ya lugha, wasivuke wakahukumu kama mtu ni mkweli. Wewe uliyezaliwa Wete unajua Mbajuni akiolewa Lamu anasemaje baada ya miaka kumi. Jaji hajui, mpaka aletewe ushahidi.

Hapo ndipo penye thamani yako, na sikusifu bure. Nimeona faili ambamo mteja alisema kwanza hana kaka, kisha akasema ndugu yake aliuawa, na "ndugu" alikuwa mtoto wa mama mdogo. Nimeona mtu mmoja mwenye baba watatu, na afisa akaandika kwamba mwombaji anabadilisha jina la baba yake, kumbe wawili ni baba mkubwa na baba mdogo. "Juzi" ikatiwa tarehe, tarehe ikawa uongo. Hata hivyo usidhani kujua lugha ndiyo kujua kazi. Yule mwanamke wa Kiingereza hakujua Kiswahili. Alijua kwamba saa ikigombaniwa, uiache saa, umtafutie mteja kitu ambacho hakitafsiriwi vibaya. Hilo alijifunza kwa kusoma karatasi za mama yako usiku uliotangulia mpaka akaona mahali palipokatika. Kesi hizi hushindwa au kushinda mezani, kabla mtu hajasimama.

Ukiwa barista, hutakuwa mkalimani. Ukisikia tafsiri imekwenda kombo, utasimama useme, "Mheshimiwa Jaji, naomba suali hilo liulizwe upya, nina wasiwasi na tafsiri." Basi. Na jaji atasikiliza.

Mama yako sasa. Usimlazimishe akubariki. Yeye alihojiwa chumbani humo kama mhalifu, na wewe unataka kwenda kufanya kazi humo kila siku. Lakini mbali na hofu yake kuna jambo ambalo ningetaka ulifikirie wewe peke yako, usiku ukiwa zamuni na wazee wamelala. Miaka ya mwanzo kila mteja mwenye buibui atakuwa mama. Utataka kumwokoa, utalia garini, utakasirika mbele ya jaji, na hasira humwangusha mteja. Mimi ilinichukua muda mrefu kujua kwamba mwanamke aliyekaa mbele yangu ana kesi yake, haina uhusiano na yetu ya Mombasa. Tafuta mtu mzima wa kuzungumza naye mapema, usingoje mpaka uvunjike.

Hijabu isikusumbue hata dakika. Kwenye rufaa za uhamiaji hakuna wigi wala joho, watu huvaa suti. Na kwenye mahakama zinazovaa wigi, wapo wenzetu wanasimama na hijabu zao.

Kabla ya wiki tatu kuisha, chukua siku moja ya mapumziko yako upande treni uende Birmingham, kituo cha rufaa za uhamiaji. Kesi nyingi ni za wazi. Mwambie karani mlangoni unataka kusikiliza, kaa nyuma, zima simu. Kaa asubuhi nzima, hata ile kesi ya kuchosha ya hesabu za kipato cha mume. Ukitoka ukiwa bado unaitaka kazi hii, andikia chuo barua uombe nafasi yako isogezwe mwaka mmoja. Mara nyingi hukubali.

Halafu anza kuandika maombi ya Inn, na uniletee rasimu kabla hujaituma. Watakuuliza kwa nini unataka ubarista. Usiandike kwamba uliipenda haki tangu utotoni, hiyo wanaipata kwa mamia. Andika benchi lile, karatasi mapajani mwa wakili, na suali la Isha.

Somo wako